Kupima kwa Jicho Pembe za Pronghoni Dume Kabla ya Kulenga

Pronghoni ni mnyama wa nyanda za Amerika Kaskazini anayefanana na swala. Dume wake akisimama juu ya tuta, mbingu tupu ikiwa nyuma yake, huonekana ana pembe ndefu hata kama hana. Mnyama mwenyewe ni mdogo, kwani dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 50 hivi na kimo cha begani kisichofika mita moja, pembe zake ni nyeusi, na nyanda anazoishi hazina mti wala nyumba ambayo jicho lingeweza kumlinganisha nayo. Ndiyo maana wawindaji wengi, wakiwemo waliokwisha kuwinda miaka mingi mahali pengine, hufyatua risasi wakiamini wameona pembe za inchi 16, kisha wakifika alipoangukia mnyama hukuta inchi 13. Nimo katika hesabu hiyo, na kisa changu nitakieleza mbele.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kupata leseni yake kihalali na ambaye sasa anataka kujua ni dume yupi anafaa kuwa nyara na yupi anastahili kuachwa aende zake. Nimeuandika nikiwa na Wyoming akilini, jimbo lenye pronghoni wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, ingawa vipimo ni vilevile ukiwa New Mexico, Arizona, Nevada au Montana. Nitatumia inchi, kwa kuwa ndizo zinazotumika katika upimaji wa nyara huko, na inchi moja ni sentimita mbili na nusu hivi. Jambo ninalolishikilia tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba urefu wa pembe hutazamwa mwisho. Anayeanza na urefu hudanganywa.

Hatua ya kwanza: Mfahamu mnyama kabla ya kuzifahamu pembe zake

Wenyeji wa Magharibi ya Marekani wamezoea kumwita swala, na mtu wa kwetu akiziona mbio zake angemwita hivyo hivyo, lakini pronghoni si swala. Ni mnyama pekee aliyesalia wa ukoo wake, na jamaa zake wa karibu zaidi walio hai leo ni twiga na okapi wa misitu ya Kongo. Pembe yake nayo haifanani na ya swala yeyote tunayemjua. Ndani kuna kiini cha mfupa kilichobapa kama bapa la kisu, ambacho hakidondoki. Juu yake kuna ala nyeusi iliyoumbwa kwa kitu kilekile kinachofanya kwato na kucha. Ala hiyo hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kwa kawaida mwezi wa Novemba au karibu na hapo, huku ala mpya ikiwa imekwisha kuanza kuota chini yake. Ule uma unaochomoza upande wa mbele, ambao katika mwongozo huu nitauita panda, ni wa ala peke yake, kwa maana mfupa wa ndani hauna panda.

Kutokana na hayo, dume uliyemwona mwaka jana akiwa na pembe za kupendeza anaweza kurudi mwaka huu na pembe za kawaida, hasa ikiwa majira ya baridi yalikuwa makali na malisho yalikuwa haba wakati ala ilipokuwa ikiota. Tena, umri si kipimo cha kutegemewa, kwa sababu pembe za pronghoni hukomaa mapema: dume wa miaka mitatu anaweza kuwa na pembe kubwa sawa na za dume wa miaka sita, na mzee mwenye uso uliochakaa anaweza kuwa na pembe zilizokwisha kurudi nyuma. Mtu aliyezoea kumtafuta mbogo mzee kwa kutazama ugumu wa kitako cha pembe zake itambidi auache ujuzi huo nyumbani.

Hakikisha pia kwamba unayemtazama ni dume. Swala pala jike hana pembe, kwa hiyo jicho la mtu wa Afrika Mashariki huwa na mazoea ya kuona pembe na kusema dume. Pronghoni majike wengi wana pembe, ila ni fupi, mara chache huzidi sikio, na kwa kawaida hazina panda. Alama isiyokosea ni doa jeusi shavuni, chini ya sikio, ambalo dume analo na jike hana. Uso wa dume nao huwa na weusi mwingi kutoka puani kuelekea machoni.

Hatua ya pili: Jifunze ni nini hasa kinachopimwa

Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na wenzake, ndiyo inayotunza kumbukumbu za nyara za Amerika Kaskazini, na utaratibu wake wa kupima unaofuatwa hadi leo ulipitishwa mwaka 1950. Hata kama hukusudii kuandikisha nyara yako popote, ujifunze utaratibu huo, kwa sababu ndio utakaokufundisha pembe kubwa ni ipi.

Kila pembe hupimwa mara sita. Kipimo cha kwanza ni urefu, unaofuata upande wa nje wa mkunjo kutoka nchani hadi kwenye ukingo wa chini kabisa wa shina. Vinne vinavyofuata ni vya mzingo: shinani, kisha kwenye alama ya robo ya kwanza, ya pili na ya tatu, na alama hizo hupatikana kwa kuugawa kwa nne urefu wa pembe iliyo ndefu kati ya zote mbili. Cha sita ni panda, na hapa wengi hukosea, kwa sababu kipimo chake hakiishii panda inapoungana na pembe. Futikamba huanzia kwenye ncha ya panda, hupita ukingo wake wa juu, hushika ubavu wa pembe na kuendelea mpaka ukingo wa nyuma. Kwa hiyo panda ya inchi 5 kwenye karatasi huonekana uwandani kama kitu kinachochomoza inchi 3 tu, au pungufu.

Vipimo vya pembe mbili hujumlishwa, na tofauti kati ya kulia na kushoto hukatwa; kinachobaki ndicho alama ya mnyama. Upana kati ya pembe huandikwa lakini hauingii katika alama, jambo ambalo huwashangaza wale wanaovutiwa na dume ambaye pembe zake zimetanuka kama mikono ya mtu anayeomba dua. Kichwa hupimwa rasmi baada ya kukauka siku 60. Alama 82 humwingiza mnyama katika kumbukumbu za kudumu za klabu hiyo, na 80 humwingiza katika kumbukumbu za kipindi cha tuzo. Kwa wanaowinda kwa upinde, klabu ya Pope and Young huanzia alama 67.

Sasa tuchukue madume wawili wa mfano, nikitumia desimali kwa urahisi ingawa wapimaji huandika kwa sehemu za nane. Wa kwanza ana pembe za inchi 16, ndefu kweli, lakini nyembamba: mzingo wa shina 5.5, robo ya kwanza 5.25, ya pili 3.25, ya tatu 2.25, na panda 3.5. Jumla ya pembe moja ni 35.75, na za pande zote mbili ni 71.5. Wa pili ana pembe za inchi 14 tu, lakini shina lake lina mzingo wa 6.75, robo ya kwanza 7, ya pili 4.5, ya tatu 3, na panda ni 5.75. Jumla ya pembe moja ni 41, na mbili ni 82. Huyu mfupi amemzidi mrefu kwa alama zaidi ya kumi, na ukiitazama hesabu yake utaona kwamba mizingo minne peke yake imechangia 21.25, yaani zaidi ya nusu. Ninayempeleka uwandani mara ya kwanza namwomba aifanye hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe, kwenye karatasi, kwa sababu akishaifanya habishani nayo tena.

Mahali panda ilipo nako kuna uzito. Robo ya kwanza ya pembe ya inchi 14 iko inchi 3.5 kutoka shinani. Panda ikiwa chini, uvimbe wake hugusana na alama hiyo na mpimaji hulazimika kushuka mpaka chini ya uvimbe, kisha robo ya pili na ya tatu zote mbili huangukia sehemu nyembamba ya juu. Panda ikiwa juu, robo ya kwanza hupata upana kamili wa ubapa wa pembe, na robo ya pili hupimwa karibu na uvimbe, ambako pembe bado ina unene. Kwa hiyo panda iliyo juu huongeza alama katika zaidi ya kipimo kimoja kwa wakati mmoja, na habari njema ni kwamba ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukiona kwa mbali.

Hatua ya tatu: Tafuta rula katika uso wa mnyama

Kwa kuwa uwanda hauna cha kulinganisha, rula utaipata usoni pa mnyama mwenyewe. Sikio la pronghoni lililosimama lina urefu wa karibu inchi 6, na jicho lake kubwa lina upana wa karibu inchi 2. Hizo mbili zinatosha. Sikio ni la kupimia urefu, jicho ni la kupimia unene.

Masharti ya rula hizo ni mawili. Sikio liwe limesimama na linaonekana lote. Likigeuzwa nyuma au likielekezwa pembeni hufupika machoni, na pembe hurefuka kwa kiasi hichohicho. Na kichwa kiwe katika usawa wa kawaida, kwa sababu mnyama anayekutazama kutoka juu ya mwinuko hukuonyesha pembe zikiwa zimejikunja kuelekea nyuma ya kichwa, na anayekula akiwa ameinamisha shingo hukuonyesha zikiwa zimenyooka mbele yako. Subiri. Pronghoni si mnyama wa kujificha vichakani, na ukilala chini bila kumshtua atakupa kila pembe ya mtazamo ndani ya nusu saa.

Hatua ya nne: Tazama kwa mpangilio, kuanzia chini kwenda juu

Anza na panda. Mnyama akiwa amesimamisha masikio, je, panda inatokea chini ya ncha ya sikio, sambamba nayo au juu yake? Ikiwa chini kabisa, karibu na katikati ya sikio, huna haja ya kuendelea kumchunguza. Hamia kwa dume mwingine. Ikiwa sambamba na ncha ya sikio au juu yake, toa daftari.

Kisha tazama shina kutoka ubavuni. Pembe ya pronghoni imebapa, hivyo ni pana ukiitazama kutoka pembeni na nyembamba ukiitazama kutoka mbele. Mtu anayemhukumu dume kwa kumtazama usoni tu huwadharau wanene na kuwasifu warefu. Linganisha upana wa shina na jicho. Shina lililo sawa na jicho, au pungufu, halitafika mzingo wa inchi 6. Shina lililozidi jicho kwa robo yake hivi, yaani lenye upana wa inchi 2.5, ndilo linalotoa mzingo wa 6.5, na hapo moyo una ruhusa ya kudunda. Angalia vizuri mahali nywele zinapoishia na pembe inapoanzia, kwa sababu nywele za paji hupanda juu ya shina na kulificha, na katika asubuhi ya upepo huweza kulifanya lionekane nene kuliko lilivyo.

Rudi kwenye panda, safari hii kwa ukubwa wake. Sehemu inayochomoza mbele ya pembe ikiwa nusu ya sikio, hiyo ni inchi 3, na ukiongeza upana wa pembe nyuma yake unakaribia 5.5. Panda ndefu lakini nyembamba kama kidole bado inahesabiwa kwa urefu wake, kwa hiyo usiichukie. Lakini panda pana iliyobapa kama kiganja kwa kawaida hukaa kwenye pembe nene, na mara nyingi hukupa vyote viwili.

Baada ya panda, sehemu ya juu. Hapa ndipo jicho la mzoefu hutengana na la mgeni, kwa maana mgeni akishaona shina nene na panda kubwa huwa ameridhika. Robo ya tatu ya mnyama wa alama 82 ina mzingo wa karibu inchi 3, maana yake unene wa inchi moja hivi, nusu ya jicho. Fuata pembe kutoka juu ya panda kuelekea nchani na ujiulize kama unene unapungua polepole au umekatika ghafla. Pembe inayokatika ghafla, ikawa kama penseli mara tu inapoipita panda, imepoteza inchi moja na nusu au mbili kila upande kwenye robo ya pili na ya tatu, na hasara hiyo haifidiwi na urefu.

Mwisho kabisa, urefu. Masikio mawili ni inchi 12, masikio mawili na nusu ni inchi 15. Pembe iliyonyooka ni rahisi kuihesabu na hudanganya kwa kuonekana ndefu kuliko ilivyo. Pembe iliyojipinda nchani, kwa ndani au kwa nyuma, hudanganya kinyume chake, kwa sababu kipimo hufuata mkunjo wote na kulabu ndogo ya nchani inaweza kuongeza inchi 2 ambazo mtu aliyemtazama kutoka ubavuni peke yake hakuziona. Kwa hiyo urefu hauthibitishwi mpaka umeona kichwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, na ikiwezekana kutoka nyuma, mnyama akiwa ameinama kula, ambapo mikunjo yote miwili hujitokeza wazi.

Hatua ya tano: Tumia darubini ipasavyo

Darubini ya macho mawili yenye ukuzaji wa mara 10 inatosha kutafuta na kuchuja. Kwa kuhukumu unahitaji darubini ndefu ya jicho moja iliyofungwa juu ya miguu mitatu imara, na ukuzaji wa mara 30 mpaka 45 ndio unaotumika zaidi. Kuzidisha hapo katika joto la mchana hakusaidii kitu, kwa sababu kinachokuzwa ni mangazimbwe.

Mangazimbwe ya nyanda za Wyoming yanahitaji kuheshimiwa. Hata mwezi wa Septemba, jua likishapanda, hewa iliyo karibu na ardhi huanza kuchemka na pembe hucheza kama zinatazamwa kupitia maji. Zinavutwa juu, zinanenepa, zinapungua, zinarudi. Fanya hukumu zako kuanzia mapambazuko mpaka saa tatu asubuhi, na tena jioni kuanzia saa kumi na moja. Katikati ya mchana tafuta wanyama, weka kumbukumbu ya walipo, lakini usitoe alama. Ikiwa huna budi, panda mahali palipoinuka ili mstari wa macho yako upite juu ya ile hewa ya chini, na mtazame mnyama aliyelala kwa muda mrefu, ukisubiri nukta chache ambazo picha hutulia.

Mwanga nao una tabia zake. Jua likiwa nyuma ya mnyama, pembe hugeuka kivuli kitupu na unene wake haupimiki, ingawa umbo la panda huonekana vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Jua likiwa mgongoni mwako utaiona mikwaruzo na ncha nyeupe, na pia kama panda imevunjika. Katika msimu wa kupandana, ambao hufikia kilele katikati ya Septemba, madume hupigana kwa nguvu, na panda iliyokatika upande mmoja hukata alama mara mbili, kwanza kwa kukosekana kwake na tena kwa tofauti kati ya pande mbili.

Hatua ya sita: Zijue hila za uwanda

Mwaka wangu wa pili wa kuwinda Wyoming nilikuwa katika Red Desert, ule uwanda mkavu wa kusini mwa jimbo, mwishoni mwa Septemba. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi. Dume alitokea peke yake juu ya tuta, mita mia sita hivi kutoka nilipokuwa, akasimama ubavu akiniangalia. Pembe zilikuwa juu, nyeusi, na nilizihesabu mara mbili kwa sikio lake nikapata karibu sikio tatu. Nilitambaa kupitia vichaka vya kijivu vyenye harufu kali ambavyo watu wa huko huvisagia viganjani, nikamfikia mita 220, naye akiwa bado pale. Nilipompima kwa futikamba zilikuwa inchi 13 na robo, panda ikiwa inchi 3 kwa kipimo kamili.

Nilikosea katika mambo matatu, nami nayataja kwa kuwa huja pamoja. Sikio lake lilikuwa limelazwa nyuma, kwa hiyo rula yangu ilikuwa imekatwa theluthi moja. Alikuwa peke yake, bila jike wala dume mwingine wa kumlinganisha, na mwili wake ulikuwa mdogo. Dume kijana mwenye shingo nyembamba hufanya pembe za wastani zionekane za kifalme. Na saa nne na nusu ilikuwa imekwisha kupita saa ya kuhukumu. Shina sikulitazama hata mara moja, kwa sababu urefu ulikuwa umekwisha kunijaza macho.

Tangu siku hiyo dume aliye peke yake juu ya tuta mimi humwacha ashuke kwanza. Akishuka, mandhari ya nyuma yake huwa majani na udongo badala ya mbingu, na pembe hurudi kwenye kipimo chake. Akiwa na kundi ni bora zaidi, kwa sababu majike humpa mwili wake ukubwa wa kweli, na kama kuna madume wawili mbele yako basi yule mkubwa hujitangaza mwenyewe bila hesabu. Hata hivyo mkubwa wa kundi moja si mkubwa wa bonde zima. Baada ya majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, yaliyowaua pronghoni wengi magharibi mwa Wyoming, dume bora wa maeneo fulani alikuwa dume ambaye miaka mitano kabla hakuna ambaye angesimamisha gari kumtazama. Kwa hiyo ulizia hali ya eneo lako kwa idara ya wanyamapori ya jimbo kabla hujajiwekea kiwango.

Hatua ya saba: Fanya mazoezi bila bunduki

Pronghoni ana fadhila moja ambayo wanyama wachache wa kuwindwa wanayo, nayo ni kwamba huonekana hadharani mchana kutwa, mara nyingi kandokando ya barabara kuu, na kwa kuwa hupendelea kupita chini ya nyaya za uzio badala ya kuruka, utamkuta akitembea kando ya uzio akitafuta pa kupenya huku wewe ukiwa na muda wa kutosha. Mwezi wa Agosti, ambapo ala zimekwisha kukomaa na msimu bado haujafika kileleni, endesha gari asubuhi kwenye barabara zinazopita nyandani, simama mahali salama, na utoe alama kwa kila dume unayemwona. Bonde la Lamar katika hifadhi ya Yellowstone ni mahali pazuri kwa mazoezi hayo, kwa sababu huko hawawindwi na hukubali kutazamwa kwa karibu.

Mazoezi ya kukadiria tu hayatoshi, kwani bila jibu sahihi utakuwa unazoea makosa yako mwenyewe. Nenda kwa fundi wa kuhifadhi vichwa vya wanyama na umwombe ruhusa. Simama hatua kumi kutoka kila kichwa, andika makadirio sita ya pembe moja, kisha sogea upime kwa futikamba. Wiki ya kwanza utashangaa unavyouzidisha urefu na kuupunguza unene. Karibu kila mtu hukosea kwa mwelekeo huohuo. Vichwa ishirini vikishapita mikononi mwako, vidole vitakuwa vimeanza kujua mzingo wa inchi 7 unavyojaa kiganja, na elimu hiyo hurudi machoni unapokuwa uwandani. Ukikosa fundi, chukua bomba au gongo lililofungwa karatasi kwa unene unaojulikana, lipake rangi nyeusi, lisimamishe mita mia mbili na ulitazame kwa darubini yako. Watoto wa jirani walinicheka nilipofanya hivyo.

Hatua ya nane: Amua, kisha jihakikishe

Kiwango chako kiandike kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu dume akiwa mbele ya darubini ya bunduki kila kiwango hushuka. Kwa maoni yangu, mwindaji wa mara ya kwanza katika ardhi ya umma aridhike na dume wa alama 70, na anayetafuta 80 awe na siku za kutosha za kuwaacha wengi wapite. Mwenye siku tatu na kiwango cha 82 amejipangia huzuni.

Ukishafika mahali pa kulenga, usihukumu upya kupitia darubini ya bunduki. Hukumu ilikwisha kutolewa kule nyuma, juu ya miguu mitatu, moyo ukiwa umetulia. Hapa kazi ni kuhakikisha ni yuleyule dume na kwamba hakuna mwingine nyuma yake. Madume hubadilishana nafasi haraka katika msimu wa kupandana, na mtu aliyetambaa robo saa akiwa ameinamisha uso hana hakika kuwa aliyemwacha kulia ndiye aliye kulia sasa. Chagua alama moja ya utambulisho mapema: kulabu ya kushoto inayogeukia ndani, mkwaruzo shavuni, panda iliyopauka nchani.

Mnyama akishaanguka na taratibu za leseni zikikamilika, toa futikamba kabla ya kisu. Pima vipimo vyote sita vya kila pembe na uviandike katika safu iliyo kando ya makadirio yako ya asubuhi. Ikiwa ni mwishoni mwa msimu, usimvute wala kumnyanyua kwa pembe, kwa kuwa ala huenda imekwisha kulegea na inaweza kukubakia mkononi, ikiacha kiini cheupe chenye manyoya kichwani. Ikitokea, ifute ndani, iandike kuwa ni ya kulia au ya kushoto, na uifunge katika kitambaa peke yake. Fundi ataibandika mahali pake.